Udaktari Baada ya Miaka Thelathini

Marekani humruhusu mhasibu, fundi gereji au mlezi wa wazee kuanza upya na kuwa daktari. Kabla ya chuo cha tiba ipo miaka miwili ya sayansi ambayo wengi huiona kama adhabu. Kwa mtu mzima mwenye familia na deni la nyumba, huenda hiyo ndiyo sehemu yenye huruma kuliko zote.

Jina la Allan Bakke limo katika vitabu vya sheria vya Marekani kwa sababu ya rangi. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis kilikosea kutenga nafasi 16 kati ya 100 za chuo chake cha tiba kwa waombaji wa jamii za walio wachache, ikaamuru Bakke, ambaye ni mzungu, apokewe. Kesi hiyo imejadiliwa kwa karibu nusu karne. Jambo ambalo mjadala umelimeza ni kazi aliyokuwa akiifanya Bakke siku alipojaza fomu.

Alikuwa mhandisi wa NASA. Alisomea uhandisi wa mitambo Minnesota, akapigana Vietnam akiwa ofisa wa jeshi, akarudi na kuajiriwa katika kituo cha utafiti cha NASA huko California, kisha akachukua shahada ya uzamili Stanford. Alikuwa na mke, watoto na mshahara mzuri. Lakini kule Vietnam aliwaona madaktari wa jeshi wakiwa kazini, na wazo likamganda. Shahada yake haikuwa na kemia wala biolojia ya kutosha, kwa hiyo alianza kusoma asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, huku akijitolea katika chumba cha dharura cha hospitali. Alipoanza kuomba alikuwa mwanzoni mwa miaka thelathini, na baadhi ya vyuo vilimdokeza kuwa umri umempita. Aliingia Davis akiwa na miaka 38, akahitimu mwaka 1982, akafanya kazi ya udaktari wa dawa za usingizi mjini Rochester, Minnesota.

Ukiiweka kesi pembeni, anachobaki nacho msomaji ni mtu mzima anayeacha kazi inayolipa ili akasome kemia na vijana wa miaka 19. Watu wa namna hiyo wapo kila mwaka katika madarasa ya jioni ya Marekani, na miongoni mwao wamo Watanzania, Wakenya na Wakongo waliokwenda kutafuta maisha. Makala haya yanawahusu wao, na yanamhusu pia yeyote huku nyumbani anayejiuliza kama amechelewa.

Uzio wa mwalimu wa shule

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, utaratibu wa Marekani unahitaji maelezo. Huku kwetu kijana hutoka sekondari na kuingia moja kwa moja kusomea udaktari kwa miaka mitano au sita. Kule, mtu humaliza kwanza shahada ya miaka minne, iwe ya historia, uhasibu au muziki, ndipo anaomba chuo cha tiba. Sharti ni kwamba, ndani ya shahada hiyo au nje yake, awe amesoma masomo fulani ya sayansi.

Sharti hilo lina historia. Johns Hopkins ilipofungua chuo chake cha tiba mjini Baltimore mwaka 1893 ilidai shahada mlangoni, jambo geni wakati ambapo vyuo vingi vya tiba vilikuwa biashara za watu binafsi na mwenye ada ndiye mwenye sifa. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu aliyewahi kuendesha shule yake mwenyewe na ambaye hakuwa daktari, alitoa ripoti baada ya kukagua vyuo 155 vya Marekani na Canada. Alipendekeza vile dhaifu vifungwe, na wanaoingia wawe na msingi wa biolojia, kemia na fizikia. Vyuo vikafungwa kwa makumi, vikiwemo vitano kati ya saba vilivyowafundisha Wamarekani weusi. Viwili vilivyosalia vilikuwa Howard na Meharry. Uzio ule uliinua ubora wa tiba, na papo hapo ukapunguza idadi ya watu wenye uwezo wa kuuruka.

Orodha ya leo haijaenda mbali na ya Flexner. Vyuo vingi hudai au hupendekeza mwaka mmoja wa biolojia, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia ya oganiki na mwaka wa fizikia, yote pamoja na maabara. Juu yake huja muhula wa biokemia, takwimu au hesabu, na uandishi wa Kiingereza. Saikolojia na sosholojia nazo zimepanda uzito tangu mtihani wa kuingilia, MCAT, ulipobadilishwa mwaka 2015.

Mtu mwenye bidii akiiona orodha hiyo hudhani ataimaliza kwa mwaka mmoja. Mpangilio wake haukubali kirahisi. Kemia ya oganiki, ile ya misombo ya kaboni, haifunguki bila kemia ya jumla, na biokemia haifunguki bila oganiki. Mnyororo huo peke yake hula mihula minne au mitano, na hakuna bidii inayoweza kuuweka mwaka wa pili kabla ya wa kwanza. Anayefanya kazi mchana huchukua masomo mawili kwa muhula, na kila moja huja na kipindi cha maabara cha saa tatu au zaidi. Miaka miwili ndiyo kasi ya kawaida, na mitatu si aibu.

Mahali pa kuyasomea panategemea mfuko. Zipo programu maalumu za watu wanaobadili kazi: Bryn Mawr ya Pennsylvania, Goucher ya Maryland, Columbia ya New York. Huko unapata ratiba iliyopangwa, mshauri anayekujua kwa jina na, katika baadhi yake, makubaliano na vyuo vya tiba yanayomwezesha mwanafunzi bora kuingia bila kukaa mwaka mzima akisubiri. Bei ni makumi ya maelfu ya dola, na nyingi humtaka mwanafunzi mchana. Wengine hujipangia wenyewe katika vyuo vikuu vya jimbo au madarasa ya jioni kama yale ya Harvard Extension. Njia ya bei nafuu zaidi ni vyuo vya jamii vya miaka miwili, ambavyo ndugu zetu walioko huko huviita "komyuniti". Baadhi ya vyuo vya tiba huzitazama alama za komyuniti kwa jicho la nusu, hivyo wajanja husoma kemia ya jumla huko na kuhamia chuo kikuu kwa masomo ya juu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaolalamika. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Masomo haya ya awali yanakuruhusu kuyapima maji kabla hujavua hata viatu. Unalipia somo moja kwa muhula, mshahara ukiendelea kuingia, na mwishoni unajua jambo ambalo hakuna mshauri angeweza kukuambia: kama akili yako bado inameza sayansi, kama nyumba yako inastahimili usiku wa vitabu, na kama hamu yako bado ipo baada ya alama ya kwanza mbaya. Ukigundua kuwa hapana, unarudi kazini kwako Jumatatu na umepoteza ada ya somo moja. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo cha tiba anayegundua hilo hilo anarudi na deni la maelfu ya dola.

Alama za ujana hazifutiki

Kinachomuumiza mwombaji mzima kuliko umri ni karatasi aliyoiacha nyuma. Maombi ya vyuo vingi vya tiba hupitia mfumo mmoja unaosimamiwa na AAMC, jumuiya ya vyuo hivyo. Mfumo huo humtaka mwombaji awasilishe kila somo alilowahi kusoma katika kila chuo, hata alichokaa muhula mmoja na kuondoka. Somo ulilofeli ukiwa na miaka 19 na kulirudia ukiwa na miaka 35 huhesabiwa mara zote mbili.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu alimaliza shahada ya biashara zamani, krediti 120, kwa wastani wa 2.8 katika mizani ya 4.0. Sasa amerudi darasani, amesoma krediti 40 za sayansi na kupata A katika kila somo. Wastani wake mpya ni 3.1. Miaka miwili ya kukesha imemsogeza pointi tatu za desimali, wakati wastani wa wanaopokewa katika vyuo hivyo unakaribia 3.8.

Namba hiyo huwakatisha tamaa wengi, na wengine huacha hapo hapo. Lakini fomu haionyeshi wastani mmoja tu. Masomo ya sayansi hupigiwa hesabu yake, na masomo yaliyosomwa baada ya shahada huwekwa katika mstari wake peke yake. Mkaguzi makini humwona kijana aliyekuwa akilala darasani, kisha humwona mtu mzima aliyepata A katika oganiki huku akifanya kazi ya kutwa. Swali linalomhusu ni yupi kati ya hao wawili atakayekuja darasa likianza Agosti. Kwa hiyo mtu mwenye rekodi mbaya ana kazi moja: alama mpya zisiwe na doa. B mbili kwa kijana mwenye 3.9 ni ajali ndogo, ila kwa mwenye 2.8 ni ushahidi wa pili dhidi yake.

Wapo pia wanaougua maradhi ya kinyume, yaani alama nzuri zilizozeeka. Baadhi ya vyuo havitambui sayansi iliyosomwa zaidi ya miaka mitano au kumi iliyopita, na hata pale visipoweka kikomo, anayekumbuka fizikia ya mwaka 2005 kwa ukungu tu atakutana nayo tena kwenye MCAT.

Siku moja ya MCAT

Mtihani huo huchukua takriban saa saba na nusu ukijumlisha mapumziko. Una maswali 230 katika sehemu nne: biolojia na biokemia, kemia na fizikia, saikolojia na jamii, na ufahamu wa maandishi. Alama huanzia 472 hadi 528, katikati ikiwa karibu na 500, na wanaopokewa vyuoni huwa na wastani wa karibu 512. Mtu haruhusiwi kuufanya zaidi ya mara tatu kwa mwaka, wala zaidi ya mara saba maishani.

Sehemu ya nne ndiyo inayowasumbua wengi waliokulia nje ya Kiingereza. Haipimi sayansi hata kidogo. Inampa msomaji vifungu vya falsafa, sanaa au historia na dakika 90 za kujibu, na haina kitini cha kukariri. Aliyesoma kwa lugha yake ya tatu anahitaji miezi mingi ya kusoma magazeti na majarida mazito, tena mapema, kabla hajagusa kitabu cha mazoezi. Kwa upande mwingine, mwanasheria, mwalimu wa historia au mwandishi wa habari anayebadili kazi hukuta kwamba sehemu inayowatisha wenzake yeye ameifanyia mazoezi kwa miaka kumi bila kujua.

Baada ya MCAT kuna kusubiri ambako wageni wa mfumo hawakutarajii. Fomu hutumwa mwishoni mwa Mei au Juni, insha za kila chuo huandikwa kiangazi, usaili huanza mwishoni mwa kiangazi na kuendelea hadi majira ya baridi, na darasa huanza Agosti ya mwaka unaofuata. Kati ya kutuma fomu na kuvaa koti jeupe kuna zaidi ya mwaka. Waombaji hupita 50,000 kila mwaka na wanaoingia ni takriban 23,000. Zaidi ya nusu hurudi mikono mitupu, na wengi wao huomba tena.

Vipo pia vyuo vya osteopathia, vinavyotoa shahada ya DO, mkondo ulioanzishwa na Andrew Taylor Still huko Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Wahitimu wake wana leseni kamili ya kutibu na kupasua sawa na wenye shahada ya kawaida ya MD, na wastani wa alama za wanaoingia uko chini kidogo. Mwombaji mzima anayeviruka kwa sababu hajawahi kuvisikia nyumbani anajinyima nafasi bure.

Nguvu na pengo la wabeba boksi

Kila fomu ya chuo cha tiba humwuliza mwombaji amewagusa wagonjwa wapi. Mhandisi Bakke ilimbidi atafute hospitali ya kujitolea. Watu wetu hawana shida hiyo. Mtanzania au Mkenya anayefanya kazi ya usaidizi wa uuguzi au ulezi wa wazee huko Minnesota, Texas, Maryland au Massachusetts amekwisha kuwageuza wagonjwa kitandani, kuwalisha, kuwaosha na kukaa nao usiku wanapoaga dunia. Kazi hiyo, ambayo huku nyumbani tunaifunika kwa jina la kubeba boksi na kuicheka, ina saa nyingi za wagonjwa kuliko alizonazo mtoto wa daktari anayeomba akiwa na miaka 22. Asiyeiandika kwa undani kwenye fomu kwa sababu anaionea haya anaitupa karata yake kubwa.

Pengo lao liko kwingine. Alama za chuo cha nyumbani, hata ziwe za kung'aa, mfumo wa maombi hauzihakiki wala kuzipigia wastani. Baadhi ya vyuo vya tiba hudai krediti 90 zilizosomwa Marekani au Canada. Mwenye shahada ya Dodoma au Kenyatta anaweza kujikuta analazimika kusoma karibu shahada nzima upya, na kwake miaka miwili huwa minne. Ni vyema ajue hilo kabla hajalipia somo la kwanza, maana wapo wanaoligundua wakiwa wamemaliza oganiki.

Pengo la pili ni makaratasi. Vyuo vingi vya tiba havipokei watu ambao si raia wala hawana grini kadi, na vinavyowapokea baadhi hudai uthibitisho wa fedha za miaka minne kabla ya darasa kuanza. Mikopo ya serikali ya shirikisho nayo haimhusu aliyeko kwa viza ya mwanafunzi. Ushauri wa kawaida wa "fuata ndoto yako" haumsaidii mtu huyu. Kwake mpangilio sahihi ni makaratasi kwanza, krediti baadaye.

Na kwa aliyekwisha kuwa daktari huku nyumbani, njia hii yote haimhusu. Yake ni mitihani ya leseni ya Marekani, USMLE, na uhakiki wa shahada za nje unaofanywa na ECFMG, kisha mafunzo ya ubingwa. Asikubali kuuziwa masomo ya awali.

Huku kwetu mlango hufungwa mapema

Tukilinganisha na nyumbani tutaona thamani ya kile Wamarekani wanachokilalamikia. Tanzania humchagua daktari akiwa bado mtoto. Anayeziacha fizikia na kemia kidato cha tatu amekwisha kujitoa, na anayeingia kidato cha tano kwa mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) badala ya PCB (fizikia, kemia na biolojia) amefunga komeo. Akiwa na miaka 30, mwenye shahada ya uhasibu na hamu ya kutibu, mfumo hauna darasa la jioni la kumpa. Anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kurudia masomo ya sekondari, akisaka maabara mwenyewe, lakini wanaofika mwisho kwa njia hiyo ni wa kuhesabu.

Mlango wa pembeni tulionao ni wa watabibu. Mwenye stashahada ya utabibu yenye alama nzuri, na ufaulu wa sayansi kidato cha nne, anaweza kuomba shahada ya MD. Wengi hufanya hivyo baada ya miaka ya kuhudumia zahanati za vijijini, wakiwa na mke au mume na watoto wa shule. Hukaa darasani miaka mitano na waliotoka kidato cha sita, kisha mwaka wa utarajali wakiwaamkia kwa heshima mabingwa wanaolingana nao umri. Nchini Kenya maafisa wa kliniki nao wana hadithi zao za namna hiyo hiyo. Mlango huu ni mzuri, ila unampokea tu aliyekuwa tayari ndani ya afya. Mwalimu, mwanajeshi au mhasibu anabaki nje.

Sidai kwamba nchi yenye uhaba wa madaktari iige mfumo unaomfikisha daktari kazini akiwa na miaka 30 au zaidi, tena na deni. Ninachosema ni kwamba mwaka mmoja wa sayansi wa kuaminika, unaofundishwa jioni kwa watu wazima na kutambuliwa na vyuo vya tiba, haungetufilisi. Chuo Kikuu Huria kimekuwa kikiwafundisha Watanzania wenye ajira tangu miaka ya 1990, kwa hiyo tumekwisha kuthibitisha kwamba mtu mzima husoma akipewa ratiba inayomfaa.

Hesabu isiyopendwa

Turudi Marekani na kalamu mkononi. Mtu anaanza kemia ya jumla akiwa na miaka 34. Akimaliza masomo ya awali ana 36. Mwaka wa maombi ukipita ana 37. Miaka minne ya chuo cha tiba inamfikisha 41. Mafunzo ya ubingwa wa tiba ya familia ni miaka mitatu, hivyo anaanza kujitegemea akiwa na 44. Akistaafu na miaka 67 atakuwa ametibu kwa miaka 23. Akichagua upasuaji wa ubongo, ambao mafunzo yake ni miaka saba, ataanza na 48.

Marafiki humwambia kwamba miaka hiyo itapita hata asiposoma. Ni kweli, lakini haitapita kwa bei moja. Miaka minne ya chuo cha tiba haina mshahara, na karo pamoja na maisha hupita dola 250,000 katika vyuo vingi. Miaka ya ubingwa ina mshahara mdogo na juma la kazi lenye kikomo cha wastani wa saa 80, kikomo kilichowekwa mwaka 2003. Mtu wa miaka 40 hupitia hayo wakati watoto wanamhitaji na wazazi kule Moshi au Kisii wanaanza kuugua. Pesa ya kutuma nyumbani hupungua wakati ule ule inapohitajika zaidi, na hakuna fomu inayouliza kuhusu hilo.

Mikopo nayo imebadilika. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inafuta mkopo wa shirikisho uitwao Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, na kuwawekea wanafunzi wa fani kama udaktari kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Kinachopungua kitatafutwa benki, ambako riba haina huruma na mdhamini huhitajika. Vyuo vichache vimefuta ada, kama New York University mwaka 2018 na Albert Einstein cha Bronx mwaka 2024, kilichopewa zawadi ya dola bilioni moja na Ruth Gottesman. Ushindani wake ni mkali kwa sababu hiyo hiyo.

Je, umri wenyewe hunyima nafasi? Sheria ya mwaka 1975 inakataza taasisi zinazopokea fedha za shirikisho kubagua kwa umri, na majibu aliyopewa Bakke miaka miwili mitatu kabla ya sheria hiyo leo hayaandikwi kwenye barua. Wastani wa umri wa wanaoingia ni miaka 24 hivi, lakini wastani ni mchanganyiko, na kila darasa lina watu wenye mvi chache. Carl Allamby alimiliki karakana ya magari mjini Cleveland kwa zaidi ya miaka ishirini. Akiwa anasomea shahada ya biashara alilazimika kuchukua somo la biolojia ili akamilishe krediti, na somo hilo likamgeuza. Alihitimu udaktari mwaka 2019 akiwa na miaka 47, kisha akasomea tiba ya dharura. Somo moja la lazima lilifanya kazi ambayo masomo ya awali yanapaswa kuifanya: lilimwonyesha mtu kitu alichokuwa nacho bila kujua.

Mzigo wa kazi ya kwanza

Vyuo humwuliza kila mwombaji mzima swali moja la usaili: kwa nini sasa? Jibu baya hulalamikia kazi ya zamani. Jibu zuri huonyesha kile ambacho kazi ya zamani iliona na haikuweza kukitibu.

Mfano bora ni wa Mwingereza, Cicely Saunders. Alisoma Oxford, akawa muuguzi wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgongo ukamsumbua, akageukia ustawi wa jamii hospitalini. Katika kazi hizo mbili aliwaona wagonjwa wa saratani wakifa kwa maumivu ambayo dawa yake ilikuwepo, na madaktari walikuwa wameshawapita vitandani. Aliingia chuo cha tiba akiwa na miaka 33, akahitimu mwaka 1957, na miaka kumi baadaye akafungua Hospisi ya St Christopher kusini mwa London. Huduma ya kutuliza maumivu inayotolewa leo Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda, iliyoanza mwaka 1993, ina mizizi katika kazi yake. Kijana aliyetoka sekondari moja kwa moja asingeweza kuliona tatizo lile, kwa kuwa angekuwa hajakaa upande ule wa kitanda.

Kwa hiyo mhasibu asiufiche uhasibu wake. Anajua jinsi bili inavyomfukuza mgonjwa hospitalini. Mwalimu anajua kueleza jambo gumu kwa mtu aliyeogopa. Mlezi wa wazee anajua vitu ambavyo maprofesa wa tiba huvifundisha kwa picha.

Anayesoma haya akiwa Houston au Columbus, na hamu hiyo ikamkera, asianze kwa kuandika barua ya kuacha kazi. Aende na karatasi zake za zamani kwa mshauri wa chuo cha umma kilicho karibu, aulize krediti zake zinatambulika kiasi gani, kisha ajisajili kwa kemia ya jumla muhula ujao, somo moja tu, jioni. Kabla ya hapo aketi na mwenzi wake wazungumze nani atawapikia watoto siku ya maabara. Muhula ukiisha atakuwa na alama mkononi na jibu la nyumbani, na vyote viwili vikiwa vizuri atajisajili kwa kemia ya pili. Vikiwa vibaya, uuguzi, afya ya jamii na utaalamu wa maabara vinapokea sehemu kubwa ya krediti hizo hizo, na mgonjwa huhitaji wote. Ada ya muhula mmoja ni bei ndogo kwa jibu la swali ambalo wengine hulibeba hadi kustaafu.